Koili Yenye Kona ya Leso

Mkwe wangu akiwa nyumbani, mimi hukaa chumbani. Si kwamba tumegombana. Kitheka ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia sauti, na angeniinulia vipi, kwani tangu siku alipomwoa binti yangu Nzula hatukuwa tukiongea ana kwa ana. Sisi Wakamba tunaita jambo hilo nthoni. Mama hamtazami usoni mume wa binti yake, hamgusi, hali naye meza moja, wala hamtaji kwa jina. Na yeye vivyo hivyo. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Lakini hapa Satellite, mtaa wa mjini, hakuna kichaka. Kuna ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko ambalo wawili wakiingia mmoja lazima atoke, na balkoni iliyozungushiwa grili.

Nilipokuja kumlea mjukuu wangu Wavinya, baada ya kumzika mzee wangu Ndeti, mambo yalikuwa mepesi. Kitheka alikuwa mtu wa stoo katika duka la jumla huko Ngara. Alitoka mapema na kurudi jioni, na mimi nikisikia ufunguo kwenye kufuli nilichukua kikombe changu cha chai nikaingia chumbani na mtoto. Jioni ni fupi, mtu anaweza kuivumilia. Kisha lile duka likafungwa, Kitheka akawa anashinda nyumbani, na jioni yangu ikawa inaanza asubuhi.

Nikitaka kwenda msalani nilikuwa nakohoa mlangoni. Yeye akisikia anageukia ukuta, au anatazama nje kama mtu aliyeona ndege, mpaka nipite. Nikirudi nakohoa tena. Nilikohoa hivyo mpaka siku moja Nzula akaniletea dawa ya kifua.

Rafiki yangu wa kanisani, Debra wa Kinoo, alinicheka alipokuja kunitembelea.

"Mama Nzula, wewe umeokoka kitambo hivyo na bado unajificha mkwe?"

"Wokovu haukuniambia nikae goti kwa goti na mume wa binti yangu."

"Hata mmoja wa mitume alikuwa anakaa na mama mkwe wake nyumba moja. Imeandikwa."

"Imeandikwa pia kwamba huyo mama alikuwa amelala na homa. Unafikiri homa ilitoka wapi? Ni kushinda chumbani!"

Debra alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Lakini alipomaliza kucheka alichukua mkoba wake akatoka, na mimi nikabaki.

Nilimwomba Nzula anirudishe nyumbani Mwala. Si mara moja.

"Mama, nikikurudisha nani atabaki na mtoto?" aliniambia huku akijipaka mafuta ya kwenda kazini. Yeye huuza vipodozi Ngara. "Baba yake hata sweta hamvalishi, anaingiza kichwa kwa mkono. Ngoja tu apate kazi. Akipata kazi utakuwa na nyumba yako mchana."

Basi nikangoja kazi ya Kitheka kama wengine wanavyongoja mvua. Niliiombea asubuhi na jioni, na nilikuwa naitaja kabla ya kuitaja afya yangu.

Yeye kwa kungoja kwake alipata ugonjwa mwingine. Stima ya huku kwetu hupotea bila kuaga, na Kitheka akaona kwenye simu watu wa nchi za mbali wakijitengenezea mtambo wa umeme unaozungushwa na upepo. Akasema atatengeneza wake auweke juu ya paa. Akaenda Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, akarudi na sumaku nyeupe zinazong'aa kama vijiko vipya. Akaleta waya wa shaba kwenye gurudumu. Akafunga meza yake balkoni, akaikaza kwenye grili ili mtoto asije akaiangusha, na hapo ndipo akawa anashinda. Mlango wa chumba changu unatazama balkoni. Nikiuacha wazi kidogo, naona mgongo wake na mikono yake. Mgongo si uso, kwa hiyo nilitazama.

Kazi yenyewe ni hivi. Unazungusha waya wa shaba mara nyingi kwenye kibao mpaka unapata koili, kama uzi wa kufumia uliokunjwa vizuri. Unapanga koili zako duara. Halafu unazimwagia rezini, ile gundi ya majimaji yenye harufu ya rangi ya kucha, ili zishikamane ziwe kitu kimoja kigumu. Kabla ya kumwaga unaichanganya na dawa ya kukausha, matone tu. Ukitia kidogo mno haikauki. Ukitia nyingi inajichemsha yenyewe bila moto, inatoa moshi na kupasuka. Hayo nilijifunza kwa pua. Nikiwa kitandani na Biblia yangu nilikuwa najua leo imekubali au imekataa.

Ya kwanza aliimwaga kwenye kopo la siagi. Ilikaa siku nyingi ikinata kama ulimbo, na Wavinya akaenda kumlaza mwanasesere wake juu yake. Mwanasesere akabaki bila nywele. Ya pili ilikauka lakini ikakataa kutoka kwenye kopo. Kitheka akaenda akanunua polishi nyekundu ya sakafu, akawa anapaka kopo kwanza, na toka hapo koili zake zikawa zinatoka zina mashavu mekundu kama bibi harusi. Kisha nikaona poda ya mtoto inaisha haraka.

Simu yetu ilikuwa Wavinya, ambaye huniita Susu, yaani nyanya yake. Mimi nikiwa na neno nilimwambia mtoto kwa sauti, na baba yake akasikia.

"Wavinya, mwambie baba poda yako imekwisha na hujaipaka."

"Baba, poda imekwisha," Wavinya alisema, ingawa baba yake alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Wavinya, mwambie Susu nimeichanganya na rezini ili isipasuke. Nitanunua nyingine."

"Susu, atanunua nyingine."

"Mwambie baba achague yenye harufu nzuri. Mtambo wake hautajali."

Nikaona mabega yake yakicheka.

Ndipo ile habari ikaja. Kitheka alipeleka koili zake mbili Kinoo kumwonyesha Kiarie, mtu mwenye karakana ya kusuka mota zilizoungua. Kiarie alizigeuza mkononi, akauliza ni nani amemfundisha, akaambiwa ni simu. Akamwambia aje Jumatatu aanze, maana anatafuta mtu mwenye vidole vyenye subira. Nilisikia yote kupitia ukutani, Kitheka akimweleza Nzula, na Nzula akipiga kigelegele kidogo cha kuzuia. Nikapiga magoti pale kando ya kitanda. Jumatatu! Nilianza kupanga nitakaa kiti gani. Kile cha karibu na dirisha, nifungue pazia, nimsuke Wavinya nywele kwenye mwanga, niende jikoni bila kukohoa.

Jumamosi hiyo Nzula alikwenda kazini kama kawaida. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai unaijua, jua linachungulia saa sita kisha linajuta. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na simu zote za nyumba zilikuwa zimezima. Kitheka alitaka kumaliza mtambo kabla ya Jumatatu, kwa sababu baada ya hapo angekosa nafasi. Alichukua bati la keki la Nzula, akalipaka polishi, akapanga koili zake zote mle duara, akachanganya rezini. Nilimwona anatia matone, anangoja, anagusa kikombe, anatikisa kichwa. Ilikuwa baridi na rezini haikuwa inashika. Akatia tena. Na tena. Pua yangu ikaniambia hayo ni mengi. Nikageuka kumwambia Wavinya amwambie baba yake, na Wavinya alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono kwenye Biblia yangu.

Sikumwamsha. Mtoto aliyeamshwa hupeleka kilio, si ujumbe.

Akamwaga rezini yote kwenye bati, akaliweka sakafuni karibu na miguu yake. Halafu, badala ya kupumzika, akageukia sahani. Hizo ni sahani mbili za chuma, kila moja imebandikwa zile sumaku duara. Ya chini alikuwa ameikaza kwenye meza. Ya juu inapaswa kuteremshwa polepole kwa boliti tatu ndefu, kwa sababu zile sumaku zinavutana vibaya sana. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwambia Nzula kwamba kazi hiyo ni ya watu wawili, atamngoja Gerishon, keateka wa ploti, yule mtunza jengo letu. Lakini Gerishon ni mtu wa kusema nakuja. Kitheka akangoja, akachungulia chini, akapiga mluzi, hakuna. Akainua sahani ya juu mwenyewe, boliti zikiwa bado hazijakazwa.

Kulikuwa na mlio mmoja, kama geti la chuma lililobamizwa. Halafu kitu kidogo cha chuma kikaanguka na kuviringika.

Nilingoja kelele. Mtu akiumia hupiga kelele. Hakukuwa na kelele, kulikuwa na pumzi tu, ndefu, ikitoka puani. Nikaelewa. Mwanamume hawezi kulia mama mkwe wake akisikia.

"Wavinya," nikasema kwa sauti ya kufika balkoni, "muulize baba kama kuna kitu kimeanguka."

Wavinya akakoroma kidogo.

"Wavinya," akajibu kutoka kule, "mwambie Susu hakuna kitu. Ni chuma tu."

Sauti ilikuwa ya mtu aliyebeba gunia akipanda ngazi.

"Wavinya, muulize baba kama ameumia."

"Mwambie Susu si sana."

Mtoto alikuwa amelala katikati yetu kama waya uliokatika, na sisi tunapitisha maneno juu yake hivyo hivyo. Nikasogea mlangoni. Mgongo wake ulikuwa umeinama mezani, ubavu wake wa kulia umebana kwenye ukingo wa meza. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika grili mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Mkono wa kulia sikuuona mwisho wake. Uliingia kati ya zile sahani na haukutoka.

"Wavinya, mwambie Susu amwite Gerishon."

Nikafungua dirisha la chumba nikaita. Chini uani alikuwa Muthoni wa ghorofa ya kwanza, anafua.

"Gerishon ameenda Kinoo kwa mwenye nyumba!" akapaza sauti. "Kwani maji imepotea tena, Mama Nzula?"

"Maji yapo. Ni baba Wavinya. Amenaswa mkono na mashine."

"Woi! Nakuja!"

Nilisikia ndala zake zikipanda ngazi, nikakimbia sebuleni kumfungulia. Grili ya mlango wa kuingilia ilikuwa na kufuli. Mchana tukiwa ndani hulifunga, kwa sababu Wavinya amejifunza kutoka mwenyewe na kwenda ngazini. Ukucha wa Muthoni uligonga chuma.

"Fungua basi!"

Msumari wa kuning'inizia ufunguo ulikuwa mtupu.

"Wavinya," nikaita bila kugeuka, "muulize baba ufunguo uko wapi."

Muthoni akaacha kugonga ili asikie.

"Mwambie Susu," Kitheka akasema mwishowe, taratibu, "uko mfukoni. Mfuko wa kulia."

Mfuko wa kulia ndio ule uliobanwa na meza. Mkono wa kulia hauwezi, wa kushoto haufiki. Mtu mwingine tu ndiye angeweza kuutoa, na mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo alikuwa mimi.

"Si uingie umtolee?" Muthoni akasema kwenye grili. "Mama, ni mkwe, si simba!"

"Wewe hujui."

"Sijui nini? Mkono wa mtu unaharibika hapo! Ni Jumatatu anaanza kazi, Nzula ameniambia. Atasuka mota na nini, na meno?"

Hilo neno lilinipata. Niliona vile vidole vyenye subira. Niliona kiti changu cha dirishani kikiondolewa, na mlango wa chumba ukifungwa tena, mwaka huu na ujao, mimi huku nikikohoa na yeye kule akitazama ukuta kwa mkono usiofanya kazi. Nilifikiria mambo yangu kwanza, Bwana anajua. Kisha nikafikiria ya kwake.

"Nitatafuta mtu mwenye msumeno," Muthoni akasema, na ndala zikashuka.

Ndipo harufu ikabadilika. Ilikuwa ya rangi ya kucha, ikawa ya kitu kinachoungua kwa ndani. Nikageuka nikaona moshi mweupe, mwembamba, unatoka sakafuni karibu na miguu ya Kitheka na kupanda kwenye suruali yake. Bati la keki. Rezini ilikuwa imeanza kujichemsha. Yeye aliliona, akajaribu kulisukuma kwa kiatu, akalifikia kwa ncha tu, na alipojinyoosha sahani zilimkumbusha. Hapo sauti ikamtoka, ndogo, akaimeza.

Nilivuta leso yangu kichwani, ile ya maua ya buluu aliyoninunulia Ndeti, nikafunika uso mpaka nikabaki naona miguu yangu tu. Nikaanza kwenda balkoni kinyumenyume. Nilidhani nitafika hivyo, nifanye kazi kwa mgongo, nitoke kwa mgongo, na tusiwe tumeonana. Kisigino changu kikapanda juu ya gurudumu la waya nikakaribia kwenda chini. Mungu hakutuumba tufanye kazi hivyo. Nikageuka.

Nilivua leso kichwani nikaizungusha mikononi, nikalishika bati. Joto lilipita kitambaani kama limekutana na karatasi. Nikalibeba mpaka bafuni, nikalitumbukiza kwenye beseni la maji ya kufulia, likapiga kelele ya chapati iliyotupwa kwenye mafuta. Moshi ukaisha. Nikafungua dirisha, nikarudi.

Spana ndiyo iliyokuwa imeviringika. Ilikuwa chini ya meza, nyuma kabisa. Nikapiga magoti nikaichukua, na nilipoinuka nikiwa upande wa pili wa meza nikamwona uso. Kwa mara ya kwanza tangu harusi niliona uso wa mume wa binti yangu kwa karibu. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Si kwa maumivu peke yake. Alikuwa ananifichia.

"Wavinya," akasema huku amefumba, "mwambie Susu akaze zile boliti tatu, moja moja, kidogo kidogo. Zinasukuma sahani ya juu. Lakini kwanza atie mbao karibu na vidole, la sivyo sahani italala upande huu na kuvikata."

"Wavinya, muulize baba mbao ya unene gani."

"Mwambie Susu..."

"Baba."

Wavinya alikuwa amesimama mlangoni mwa balkoni, nywele zimelala upande mmoja, anajikuna tumbo.

"Baba, si Susu yuko hapo? Mwambie."

Mimi nilitazama spana. Kitheka alifungua macho, akatazama sahani, kisha polepole, kama mtu anayeinua kitu kizito, akanitazama.

"Mama," akasema. "Unene wa mwiko."

"Nitaleta mwiko, Kitheka."

Jina lake lilitoka mdomoni mwangu kwa urahisi hata nikashtuka.

Nilileta mwiko wa ugali na mti wa kusukumia chapati. Niliingiza mpini wa mwiko pembeni mwa vidole vyake nikaugonga kwa ule mti, taratibu, kama unavyogonga kigingi cha mbuzi karibu na kamba. Kila nikigonga alivuta pumzi. Nilimwambia kariri zaburi, akasema hajui hata moja yote, nikamwambia basi taja majina ya watu wa kwenu. Akaanza na babu yake. Nikakaza boliti ya kwanza mpaka ikagoma, nikahamia ya pili, nikaenda ya tatu, nikarudi ya kwanza. Sahani ilikuwa inapanda kwa unene wa ukucha. Wavinya alisimama akasema, "Susu, unatengeneza baba?" Nikamwambia ndiyo, akae mbali na meza.

Alipofika kwenye majina ya shangazi zake mkono ukatoka.

Sitaueleza. Vidole viwili, cha kati na cha pete, havikuwa na sura ya vidole. Aliutazama yeye mwenyewe kisha akaanza kuanguka, na mimi nikamshika. Nilimshika mwili mzima, kifuani kwangu, mume wa binti yangu, akalia kwenye bega langu kwa sauti ambayo alikuwa ameizuia muda wote huo. Nikampangusa uso kwa kiganja. Kisha nikatia mkono mfukoni mwake nikatoa ufunguo.

Muthoni alikuwa amerudi na fundi wa vyuma aliyebeba msumeno. Alinitazama, akatazama damu kwenye nguo yangu, akamwambia fundi ashushe msumeno.

Huko hospitalini walifanya kazi yao vizuri. Kidole cha pete walikikata kwenye kifundo cha juu. Cha kati walikiwekea chuma, wakasema kitakunjika siku moja, wasiseme lini. Kiarie wa Kinoo alipopigiwa simu alisema pole sana, atangoja, ila hawezi kungoja hadi Krismasi.

Jumatatu ikaja, na Nzula akaenda kazini, na sisi tukabaki kama zamani.

Nilikuwa nimejiuliza itakuwaje. Debra aliniambia, sasa mmeshaongea, mmeshashikana, yamekwisha, toka ukae sebuleni kama binadamu. Nzula alisema wazee wa pande zote wataitwa baadaye, zawadi ipelekwe, jambo litengenezwe, lakini kwa sasa tuishi tu. Asubuhi hiyo nilifika mlangoni mwa chumba na nikakohoa. Sikupanga kukohoa, kifua kilikohoa chenyewe. Na yeye kule kwenye kiti, mkono umefungwa kama mtoto aliyevishwa nepi, akageuza uso ukutani.

Nikapita. Nikarudi. Kiti cha dirishani ndicho alichokuwa amekalia.

Hivyo tukakaa. Chumba changu kilikuwa kile kile, na ufa wa mlango ule ule, ila sasa nilikuwa najua nilichokuwa nikikitazama. Mgongo wake ulikuwa hauna kazi. Alikuwa amelitoa bati kwenye beseni na kuligonga mpaka kile kitu kikatoka, kimepasuka katikati kama mkate. Koili zote zilikuwa humo, zimenaswa milele, haziwezi kutumika wala kutolewa. Na ukingoni, ndani kabisa ya rezini, kulikuwa na kona ya leso yangu, maua mawili ya buluu. Iligusa rezini nilipolibeba bati nayo ikaganda. Ndivyo nilivyojua kwa nini leso ilikuwa imechanika. Alikuwa anakishika kile kitu kwa mkono wa kushoto, anakigeuza kwenye mwanga, anakiweka. Kesho yake anakichukua tena.

Siku moja baada ya chai nilisikia kitu kikizunguka, kikakwama, kikazunguka. Nikachungulia. Alikuwa amefunga kibao chake cha kuzungushia kwenye meza, anazungusha kwa mkono wa kushoto. Waya ulikuwa unalegea na kujirundika, kwa sababu kazi hiyo inataka mkono mmoja wa kuzungusha na mwingine wa kuvuta. Alijaribu kuubana kwa meno. Akajaribu kwa goti. Ukamponyoka wote, ukamwagika sakafuni kama tambi, naye akabaki ameutazama.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Wavinya, muulize Susu kama ana nafasi kidogo."

Wavinya alinitazama. Nilijitanda leso yangu kichwani, ile yenye kona moja pungufu. Nikachukua kile kistuli cha jikoni, nikakiweka balkoni, nikaketi nikimpa mgongo, mgongo wangu karibu na wake kiasi cha mtoto kupita katikati. Na mtoto akapita, akaketi hapo. Nikaokota waya sakafuni, nikaunyoosha, nikaupitisha juu ya bega langu mpaka ukamfikia. Nikaushika kwa vidole viwili, kama ninavyoshika uzi wa kufumia. Mbele yangu kulikuwa na grili, na nje yake paa za mabati za Satellite na nguo zilizoanikwa.

Kibao kikaanza kuzunguka. Waya ukawa unanipita mkononi, baridi, bila kusimama.

"Wavinya," akasema nyuma yangu, "mwambie Susu akaze kidogo."

"Nimesikia," nikasema, nikakaza.